Kwa Mke Mwenzangu Uliyebaki na Pete

Mpendwa mke mwenzangu, Mama Rebeka,

Najua utaisoma barua hii polepole, kidole chini ya kila neno, kama tulivyofundishwa kwenye darasa la ubatizo, mimi na wewe na mzee wetu tumebanana kwenye benchi moja. Ukimaliza usimpe yeye. Atataka kujua tunacheka nini.

Leo asubuhi nilikuwa nakoroga uji wa kuuza kwenye kibanda changu hapa Nakuru, karibu na stesheni ya reli, nikaikumbuka ile siku wazee wa kanisa walipotujia kule Keringet. Mzee wetu alikuwa anataka kubatizwa, na kanisa lilikuwa limemwambia abaki na mke mmoja, yule mwingine aende zake. Alikaa pale akitazama viatu vyake kama si vyake. Wazee walikuja wamejiandaa kuamua ugomvi. Wewe ukasimama ukasema abaki na mimi, kwa kuwa nina heshima, tena najua kupika. Nikasimama na mimi nikasema hapana, Mama Rebeka ndiye aliyeolewa kwanza, na Mungu anapenda utaratibu. Ukasema kifua kinakusumbua. Nikasema mimi ni magoti. Mzee mmoja akapangusa macho, akasema hajawahi kuona unyenyekevu kama ule. Mume wetu peke yake ndiye aliyeanza kuelewa, maana alikuwa anatutazama kwa zamu na jasho linamtoka.

Wakaamua wa kwanza abaki. Ukaniinamia sikioni.

"Wee, leo umeniweza," ukasema.

Hapo ndipo nilipojua. Miaka yote ile ya kumpashia mzee maji ya kuoga, ugali wake mgumu na hadithi yake moja ya fahali, tulikuwa tumechoka sote wawili, kila mmoja nyumbani kwake, na hatukuwahi kuambiana.

Siku ya harusi yako kanisani nilikaa nyuma kabisa. Pete ilipokataa kupita kwenye kifundo cha kidole chako, kidole kilichozeekea kwenye jembe na kuchuma maua ya pareto, na mchungaji akaagiza sabuni, niliziba mdomo kwa leso, mabega yakitikisika. Wanawake wa kwaya wakanizunguka.

"Pole mama, Mungu anaona hayo machozi," mmoja akaniambia.

Ukageuka pale mbele ukaniona. Ukaanza kukohoa. Kifua kile kile.

Kesho yake nikapanda lori la viazi. Siku hizi za imajensi, hii hali ya hatari ya serikali, kila mtu anasimamishwa, na askari kwenye kizuizi akataka kujua mume wangu yuko wapi. Nikamwambia ameoa. Akauliza ameoa nani. Nikasema mke wake. Alinitazama kidogo, akatufungulia njia bila kugusa gunia hata moja.

Tulipopita Molo ndipo nililia kweli. Nilidhani ni woga, mwanamke wa umri wangu, kichwa kimeanza mvi, anakwenda kuanza maisha na sufuria mbili. Kumbe nililia kwa sababu nilitaka kukusimulia ya yule askari, na hukuwepo.

Sasa nakwambia wazi, nimepumua. Nimegundua kwamba ugali mgumu sikuupenda hata siku moja, napenda laini. Nalala katikati ya kitanda. Nikikoroga uji napiga mluzi, na wapagazi wa stesheni wameuzoea, wakinikuta kimya wanauliza kama naumwa. Sikujua kwamba ndani yangu kulikuwa na mtu mcheshi hivi. Labda wewe ulijua.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikaa rohoni. Wazee walisema nisikanyage tena boma lile, nisije nikamtia mzee majaribuni. Mimi sina haja na majaribu yake. Lakini nilihesabu kwamba na wewe nimekatazwa, na hilo lilikuwa linaninyima raha hata nikicheka.

Mpaka juzi, dereva wa lori aliponiletea viazi na maneno yako. Eti umewauliza wazee kama mke wa pete anaweza kumtembelea mwanamke aliyeachwa, anayeishi peke yake mjini. Wakashauriana, wakakusifu, wakasema hilo ni tendo la huruma, tena uende mara kwa mara. Nilicheka mpaka uji ukaungua, na wateja wangu waliunywa hivyo hivyo.

Basi njoo unihurumie, viazi vikishachimbwa. Nitasogea, sitalala tena katikati. Siku ile walimuuliza mzee atabaki na nani. Sisi hakuna aliyetuuliza tungependa kubaki na nani, na mimi ningejibu upesi.

Ni mimi, mke mwenzako bado,
Mama Yona