Nimekupata, Endelea

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Hapa Mabawe tu wazima, na maharage tumeshavuna.

Umeuliza kwa nini bibi yako akipokea simu husema "Nimekupata, endelea" badala ya haloo.

Miaka ya wakimbizi wa Rwanda nilikuwa fundi wa redio za malori ya chakula pale kambini Benaco. Dereva wa lori moja jipya alinikatalia kukwangua rangi mahali pa kufunga antena. "Fundi, usinichubulie gari!" Akaifunga mwenyewe juu ya rangi, tukaondoka.

Karibu na Rusumo tukakwama kwenye matope. Msichana wa redio kituoni alikuwa akituita, nasi tunamsikia vizuri, lakini tukimjibu yeye hatusikii. Antena lazima ishike chuma kitupu. Basi nikaifungua, nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikaifunga tena na kurekebisha urefu wake mpaka mshale wa kipimo changu cha mawimbi ukakaa sawa. Dereva aligeukia pembeni asione.

"Nimekupata, endelea," akasema yule msichana nilipomwita tena. Alikuwa ametuita tangu asubuhi.

Ndiye bibi yako. Anajua ilivyo kumwita mtu kutwa nzima bila kujibiwa. Mpigie Jumapili.

Babu yako