Ufunguo wa Bi Aziza

Jumatatu, 9 Februari 2026
Nimeshuka ngazi za bandari ya kale baada ya alfajiri, kama kawaida. Sumaku ya kuvulia vyuma, kamba, ndoo. Misumari, mnyororo wa baiskeli, kifuniko cha sufuria kilicholiwa na kutu. Bega linauma. Athumani, muuza samaki, aliniuliza, "Mwalimu, leo umevua changu au tasi?" Nilimjibu kwamba misumari haina miba.

Jioni alikuja jirani yangu, Bi Aziza, mjane. Jana alikwenda kwa Athumani na ufunguo wa nyumba ameufunga katika pindo la leso. Fundo likafunguka ngazini. Aliusikia ukigonga jiwe, ukaingia majini. Mlango alikuwa ameurudisha tu, kwani alitoka mara moja; sasa haufungiki kwa nje, na kitasa ni cha kale, hakuna fundi wa kuchonga ufunguo mwingine. Shemeji yake Abdalla amepata sababu aliyokuwa akiitafuta. Jumamosi ataleta fundi, ang'oe mlango wa nakshi, atie geti la chuma. Bi Aziza aliingia bibi harusi kwa mlango ule.

"Ufunguo ni wa chuma?" nilimwuliza.

"Ni wa chuma, Mwalimu. Funguo huwa za nini?"

Nimekubali kuutafuta.

Jumanne, 10 Februari
Hakuna. Maji mafu, bahari haipwi vya kutosha nishuke kwa miguu. Bawaba, kijiko, kopo. Kila sumaku inaponasa, moyo hunidunda, kisha ni kopo. Nimechoka kutumainishwa na makopo.

Jumatano, 11 Februari
Abdalla amenikuta ngazini, futi ya kupimia mlango mkononi. "Mwalimu, pumzika. Ufunguo ushachukuliwa na majini." Nilimwambia aseme "umekwisha chukuliwa". Alicheka, akaenda zake. Jibu langu halikuwa na maana yoyote.

Alhamisi, 12 Februari
Bi Aziza aliniletea chai ya tangawizi na mahamri. Akakumbuka kwamba marehemu mumewe aliusugua ufunguo ule kwa ndimu na majivu kila Idi, ukawa manjano, unang'aa.

Niliweka kikombe chini. Chuma hakiwi manjano kwa ndimu. Ni shaba. Sumaku haishiki shaba, hata ukiivuta mwaka mzima.

Kwake kila madini ni chuma. Ndivyo watu wasemavyo. Nami, niliyewafundisha watu sarufi hadi kustaafu, niliridhika na neno, nisiulize rangi. Pengine nimekwisha usukuma ufunguo matopeni kwa sumaku yangu mwenyewe. Nina hasira. Sikuweza kumwambia.

Ijumaa, 13 Februari
Nimemwambia, baada ya sala, barazani kwake. Akasema, "Basi hukukosa wewe, Mwalimu. Imekosa sumaku." Sikumsahihisha.

Bi Aziza hataki geti. Mlango una komeo kwa ndani; akiwamo, yu salama. Taabu ni kutoka: sokoni, hospitali, mazikoni. Nilimwambia kwamba akitoka, nitakaa barazani pake. Sijui ni nini kilichonisemesha. Goti langu halipatani na baraza za mawe.

Jumamosi, 14 Februari
Abdalla alikuja na fundi, geti juu ya mkokoteni. Bi Aziza alisimama kizingitini.

"Shemeji, mlango huu hautoki."

"Na ukitoka wewe, nani atakulindia nyumba?"

"Mwalimu."

Abdalla alinitazama kuanzia kofia hadi makubadhi. "Umekuwa bawabu, Mwalimu?"

Nilisema ndiyo. Fundi aligeuza mkokoteni, akinung'unika kwamba kichochoro ni chembamba.

Jumapili, 15 Februari
Sikushuka baharini. Bi Aziza alikwenda Tudor kumjulia hali dada yake. Nilikaa barazani asubuhi nzima, nakshi zikinichoma mgongoni. Wapita njia walinisalimu, nikawaitikia. Hakuna aliyeuliza kitu.

Alirudi adhuhuri na mfuko wa mchicha. Aliniuliza kama nimechoka. Nilisema nimechoka. Aliingia. Nilingoja mpaka nikalisikia komeo likiingia mahali pake, kisha nikaenda nyumbani.