Waya Iliyofungwa kwa Jiwe

Kwako Baba Naserian,

Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Tangu mvua ya Aprili nimeianza barua hii mara nyingi nikaiacha. Mara mtoto ana homa, mara ndoo tatu za nguo za watu zinanisubiri, na mara ingine hasira ilikuwa nyingi hata kalamu ikatoboa karatasi. Simu zangu unaziona na huzishiki. Kwa hivyo nakuandikia waziwazi, na watakaosoma wasome. Wengi wao unawajua, umepanda juu ya mabati yao.

Unakumbuka siku uliyonieleza radi? Tulikuwa Kajiado, hatujaoana bado, mimi nauza chai na chapati, wewe unafunga stima kwa duka la jirani. Mvua ikakuleta kibandani kwangu. Ngurumo ikalia, nikaruka, chai ikamwagika, na wewe ukacheka mpaka ukashika mbavu.

"Unaogopa kelele? Kelele huja ikiwa imechelewa. Ukiisikia, jua umepona."

Ukaomba kitana changu. Ukakisugua kwa sweta yako, ukakishusha juu ya vipande vya karatasi, vikaruka vikakishika kama kupe. Ukasema hiyo ndiyo radi, ila ya mfukoni. Kule juu ndani ya wingu, ukasema, kuna baridi kali na vipande vya barafu, vingine vyepesi, vingine vizito kama mvua ya mawe ambayo haijakomaa. Upepo unavipandisha, vinagongana, na kila vikigongana vinanyang'anyana chaji. Vyepesi vinapanda juu na chaji chanya, vizito vinabaki chini na chaji hasi, mpaka tumbo la wingu linajaa.

"Na sisi huku chini?" nikauliza.

"Hasi za wingu zinazisukuma hasi za ardhi zikajifiche. Chanya ndizo zinabaki hapa juu, kwa mti, kwa bati, kwa hicho kichwa chako kizuri. Sasa zinatamaniana, na hewa iko katikati inazikataza kama mamako. Lakini zikizidi, hata mamako anashindwa."

Chapati ikaungua nikicheka. Ukaendelea kwamba wingu linashusha njia yake kidogo kidogo, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, na huku chini kitu kinainuka kwenda kuipokea. Zikikutana ndio tunaona mwanga. Hewa inachomeka na kutanuka kwa ghafla, na hiyo ndiyo ngurumo. Mimi niliacha shule mapema, na hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kitu nikakishika vile. Nilikupenda kwa maelezo hayo. Sura yako niliizoea baadaye.

Tulipojenga hapa Kitengela, mahali peupe pasipo mti, ulisema bati letu ndilo litakalosalimiwa kwanza. "Radi haikatazwi," ukasema. "Inapewa njia." Ukaleta chuma cha shaba cha futi sita, Naserian akakipanda kama punda uani. Ukaweka ncha ya kupokea radi juu ya paa, waya ikashuka ukutani, ikaingia kwa udongo. Mimi nilikuwa nimeenda kuteka maji. Niliporudi ukaniambia kile chuma kimezama chote, na waya imefungwa kwake.

Nikaishika. Ukacheka. "Wewe ni mtu wa mbuzi, huamini kamba mpaka uivute. Haya, vuta!"

Nikavuta kwa mikono miwili. Ikakataa kutoka. Basi nikakisogeza kitanda cha mtoto dirishani, karibu na ile waya, kwa sababu pale kuna hewa.

Halafu ukaenda Illasit kwa kazi. Mwanzoni ulikuwa unarudi kila mwisho wa mwezi. Baadaye ukawa unarudi kwa simu tu, kisha hata simu ikanyamaza.

Siku ile ya Aprili ilikuwa mchana. Nilikuwa naanua nguo, na mwanga na kelele vilikuja pamoja, hata nafasi ya kuhesabu moja haikuwepo. Radi ilipiga ncha yako, sawasawa kama ulivyosema. Ikafuata waya, sawasawa kama ulivyosema. Ikafika chini ikakosa pa kwenda, ikarukia vyuma vya dirisha. Nilimkuta Naserian sakafuni, macho wazi, damu inatoka sikioni. Nilikuwa naita jina lake na yeye anaangalia mdomo wangu tu. Daktari alisema ngozi ya ndani ya sikio imepasuka. Mpaka leo ukimwita kutoka kushoto hageuki.

Kesho yake ndugu yako Lekishon alikuja na jembe. Hakuchimba hata shibiri moja, likagonga jiwe. Waya ilikuwa imezungushwa kwa hilo jiwe mara tatu, ikakazwa vizuri. Chini yake hapakuwa na kitu.

Lekishon aliegemea jembe, akasema, "Shemeji, usinikasirikie mimi. Ile shaba nilimsaidia kuigonga Illasit, kwa ile nyumba ingine. Aliniambia nyinyi mko na yenu."

Hivyo ndivyo nilivyojua kuna nyumba ingine.

Mke wa pili si kitu kigeni huku kwetu. Ungesema, ningelia, halafu ningekubali au ningekataa. Lakini jiwe! Ulichuchumaa pale ukafikiri, huyu atavuta. Ulichukua kitu unachokijua juu yangu, kitu ulichokuwa ukinitania nacho, ukatengeneza uongo unaonitosha kama kiatu. Hapo ndipo ninapochoka.

Naserian ananiuliza, "Baba alisahau?" Wingu likitokea upande wa Ngong anaingia chini ya meza, na kutoka huko ananiuliza tena. Sijamjibu. Sitaki kumfungia jiwe langu.

Kila uliyemfungia waya ya radi hapa Kitengela, nimemwambia achimbe aangalie. Wengine wanacheka, wanasema hizo ni hasira za mwanamke aliyeachwa. Na ile ya Illasit usiing'oe. Kama kuna mtoto analala pale, ibaki.

Salamu zako sizihitaji tena. Kabla ya mvua ya Oktoba nitumie hivi: chuma cha shaba kipya cha futi sita, kisiwe bomba lililopakwa rangi, kibano chake na nati zake, waya nene ya shaba, mita kumi na mbili, kipande kimoja kisichoungwa, karatasi yenye jina la kila nyumba uliyofunga huku, na alama kwa zile zenye jiwe, na karatasi nyingine ndogo ya mwandiko wako, ya Naserian, ya kumjibu kama ulisahau. Hiyo andika kwa herufi kubwa. Siku hizi anasoma mwenyewe.

Ni mimi,
Mama Naserian