Simu Nne kwa Meza Tano

Jumatatu, 3 Februari 2025

Bi Hadil, mkurugenzi wetu, ametangaza kwamba ofisi itapata simu za mezani za intaneti. Tano, moja kwa kila meza. Mfadhili ametoa simu zenyewe. Swichi ya kuzigawia mtandao tuinunue sisi, nayo iwe ya bei tunayoimudu. Nyumba hii ya kale ina soketi mbili tu, na kuta za matumbawe hazitobolewi ovyo. Kwa hiyo swichi hiyo iweze pia kuzipa simu umeme kupitia waya ule ule wa mtandao.

Nilitazamia kukabidhiwa jukumu hilo. Jumuiya hii ilipokuwa meza moja na benchi, aliyeketi mezani nilikuwa mimi. Maombi ya vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa ya nusu ya kisiwa cha Ndau yametoka katika kalamu yangu. Bi Hadil akamgeukia Dawud, mwenye miezi minane hapa.

"Dawud, wewe umesomea mambo haya Mombasa. Tutafutie."

Umesomea. Neno hilo nimetembea nalo mchana kutwa.

Jumanne, 4 Februari

Nimeomba, kwa maneno ya heshima, niwasilishe pendekezo langu sambamba na la Dawud. Bi Hadil akasema hapana ubaya. Dawud akacheka, wala si kwa kejeli — na hilo ndilo linaloudhi.

"Karibu, ami. Ukiipata nzuri utaniokolea kazi."

Mimi si ami yake. Ofisini mimi ni Bwana Abdulwahid.

Adhuhuri amekuja Bi Ummu wa Ndau, ambaye mjukuu wake bado anatafuta kitambulisho. Nimemwandikia maombi matatu. La mwisho lina aya tisa na halina doa. Alinisalimu vizuri, akanipita, akaketi kwa Dawud. "Mwanangu, nimekuya. Nionyesha ndia." Dawud hakuandika hata mstari. Alimpigia mtu wa ofisi ya vitambulisho huko Mokowe kwa simu yake ya mkononi, wakacheka wote watatu, na Bi Ummu akaondoka na ahadi ya kuonana na afisa wiki ijayo.

Aya tisa.

Alhamisi, 6 Februari

Kikao. Dawud alipendekeza swichi ambayo matundu yake yote ya kuchomekea waya hutoa umeme, akataja wati za kila simu, akaonyesha picha. Bei yake ilimfanya Ubaid, mhasibu wetu, avue miwani.

Kisha mimi. Niliyoipata katika duka la Kamaludin ina bei nusu ya ile. Mwili wa chuma. Haina feni, kwa hiyo hailii wala haivuti vumbi la chokaa. Nikasimama — Dawud alizungumza ameketi — nikasema: "Simu ni tano, matundu ni manane. Matatu yaliyosalia ni akiba ya maendeleo yetu ya baadaye." Ubaid akapiga meza kwa furaha.

Dawud akauliza, "Ami, yote manane yanatoa umeme?"

Nikamjibu kwamba imeandikwa juu ya sanduku kuwa inatoa umeme, na kwamba kuuliza lililokwisha kuandikwa ni kukipotezea kikao wakati.

Yangu imechaguliwa! Nimerudi nyumbani kwa njia ndefu, ile inayopita mbele ya maduka, ili nikutane na watu.

Jumatano, 12 Februari

Swichi imefungwa. Simu nne zikawaka. Ya tano, giza. Dawud akabadilisha waya. Ya tano ikawaka, ya Ubaid ikazima. Akaipindua swichi, akasoma maandishi madogo ya chini.

"Ni manne tu yenye umeme, ami. Haya mengine ni ya mtandao peke yake."

Shifaa wa mapokezi hakuniachilia. "Bwana Abdulwahid, na ile akiba ya maendeleo tuitundike ukutani?" Wakacheka. Bi Hadil naye alicheka, kisha akaacha, na kuacha kwake kuliniumiza zaidi. Kamaludin hapokei kilichokwisha kufunguliwa. Fedha nyingine hakuna hadi mwezi wa saba.

"Wewe uliichagua," akasema Bi Hadil. "Wewe uigawe. Kesho asubuhi."

Dawud hakusema kwamba alionya. Laiti angalisema, ningalimchukia kwa raha.

Alhamisi, 13 Februari

Nimegawa. Bi Hadil. Shifaa. Ubaid. Ya nne nimeipa Meza ya Maombi, kwa kuwa maombi ndiyo kiini cha jumuiya. Sababu imejengeka barabara. Dawud akasema "Sawa, ami," akapiga magoti vumbini, akachomeka waya chini ya meza yangu kwa mkono wake. Simu yake ya mezani ikazima.

Muda si mrefu yangu ikalia. Niliiacha kidogo, nisionekane mwenye pupa. "Meza ya Maombi. Abdulwahid anazungumza."

Alikuwa Shifaa: Bi Ummu yuko kwenye laini, anamtaka Dawud, na kwa kuwa simu ya Dawud imekufa anamleta kwangu, mimi niliye karibu naye.

Kisha Bi Ummu mwenyewe: "Dawud yuko? Ya mkononi haishiki. Niko Mokowe, kwa afisa. Asema ataka kunena na Dawud kabla hajatoka ofisini. Nipa Dawud."

Nikamweleza kwamba mwandishi wa maombi yote matatu ni mimi.

"Nayua, bwana, Mungu akulipe. Nipa Dawud."

Nimemwambia asubiri. Nimebonyeza kitufe, taa nyekundu inapepesa. Nimefungua shajara hii ili nitulie. Dawud yuko meza ya pili, ningemwita bila hata kuinua sauti. Lakini jambo lile lote ninalo kichwani, jina la baba, la babu, kijiji, mwaka. Nikimwambia afisa kwamba Dawud ametoka, nikajieleza kwa utaratibu, huenda —

Ameinua kichwa. Anaitazama taa.

"Ami, kuna mtu anangoja?"

Ninaendelea kuandika, kama mtu ambaye hajasikia.