Yule Niliyempigia Kelele za Mwizi

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumatano asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuona kabisa unaitikia marahaba huku unatafuta miwani ambayo umeshaivaa. Goti linaendeleaje? Mikorosho imeshapuliziwa dawa? Na Mama, bado anagoma kwenda kupima presha? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umeharibika, Baba, na sikupiga simu kwa kuwa simu ya hapo nyumbani mnaiweka sauti ya juu mkasikiliza wote. Hii isome peke yako.

Ijumaa nilipata mteja wa vitenge kutoka Tunduru. Nikamwita mbeba mizigo atupelekee robota zima la vitenge mpaka kwenye lori, upande wa Msimbazi. Nilimwita hivi: "We kuli, njoo!" Jina sikumwuliza. Hapa kazi inaenda hivi: mbeba mizigo anatangulia, anapaza sauti "Pisha! Pisha!", na mwenye mali anamfuata mgongoni bila kupepesa macho. Mimi simu ikaita, nikasimama kidogo. Kuinua macho, sioni robota wala mtu. Nikakimbia, nikamwona kwa mbali anaingia kichochoro ambacho hakielekei kwenye lori.

Nikapiga kelele, "Mwizi!"

Baba, neno hilo hapa ukishalitoa halirudi. Magazeti huwa yanaandika wananchi wenye hasira kali. Waongo! Hawakuwa na hasira, walikuwa wanacheka. Muuza mikanda alimpiga kwa mkanda mpya, akaufuta, akaurudisha mezani. Nililia, "Basi jamani, basi, mtamuua!" Ile ya mwizi ilifika mtaa wa pili, hii ya basi haikusikika hata kwa aliyesimama mbele yangu. Robota nililetewa, na watu wakanipongeza. Polisi ndio waliowahi wakamkimbiza hospitali.

Tangu siku hiyo kila mtu ananiuliza, "Kwani alikuwa mwizi kweli?" Hakuna anayeuliza kama mtu mwenyewe yu hai. Na mimi, mtoto wa katekista, Jumapili nilipiga magoti kanisani nikaomba awe mwizi. Nisamehe, Baba. Niliomba hivyo kabisa, kwa machozi, ili nipate usingizi.

Palepale nikakumbuka mafundisho yako. Ulikuwa unatuuliza, "Mtu ni nani?" nasi tunaitikia kwa mpigo kwamba ni kiumbe wa Mungu, ameumbwa kwa mfano wake. Siku moja akapita yule mlevi wa kilabuni, suruali kaivaa ndani nje, tukaangua kicheko. Ukatutoa wote tukamwamkie, mmoja mmoja. Mimi nilinuna, nikasema huyu hastahili shikamoo. Ukaniambia, "Fidea, mfano wa Mungu mtu haupati kwa kustahili. Ingekuwa hivyo, mimi na wewe tungeukosa." Nilikuwa na miaka tisa, na swali lile nililijibu vizuri kuliko wenzangu wote. Kumbe nilikuwa nimekariri tu.

Jumatatu nikaenda hospitali na uji. Muuguzi akaniuliza, "Wewe nani wake?" Nikasema dada yake. Anaitwa Yohana, kwao Newala, jirani kabisa na kwetu. Taya limevimba, macho yote mawili yamefungwa bandeji. Nikamlisha kwa kijiko, naongea kwa sauti ya chini asije akaitambua. Alidhani nimetumwa na kanisa. Jana akanishika mkono.

"Dada, Kariakoo unapajua?"

"Napajua."

"Kuna mama wa vitenge pale. Ukimpata, mwambie sikumwibia. Njia ilizibwa na gari la maji, ndiyo maana nikazunguka. Sipendi aniwaze hivyo."

Jamani, Baba! Mtu amepigwa mpaka hana uso, na anachoomba ni mimi nisimwone mwizi! Nikasema, "Nitamwambia," nikabeba chupa ya uji nikatoka mbio. Muoga mimi. Hata pole sikuweza kumpa. Na angekuwa ameiba kweli, ningempelekea uji? Najiuliza hilo tangu jana, na jibu linanitisha.

Leo saa nne wanamfungua jicho la kulia. Daktari anasema huenda likaona. Nikikimbia, hana mwingine wa kumlisha. Nikikaa, atamwona aliyekuwa anamlisha. Niombee, Baba. Usiombe anisamehe, huko sijafika. Omba tu miguu isinigeuze mlangoni.

Mwambie Mama mimi mzima, na akapime presha. Msalimie Dada Roza na wanawe, na Shangazi wa ng'ambo ya mto, na watoto wako wa mafundisho. Ukiwauliza lile swali, usikubali waitikie kwa mpigo. Muulize kila mmoja peke yake, na umwoneshe mtu.

Uji umeiva. Naenda.

Mwanao,
Fidea