Bawa Moja la Jogoo

Lipangalala, Ifakara,
18 Machi 1996.

Mpendwa mdogo wangu Pantaleo,

Pokea marahaba yangu hata kama shikamoo yako bado iko njiani. Kifua kinaendeleaje huko Tanga? Sisi ni wazima, tunashinda shambani tukifukuza ndege kwenye mpunga.

Najua simu ya kifo cha bibi ilikufikia tumeshazika. Tulimzika, lakini kwa aibu, na aibu yenyewe ni kaka yetu Beatus.

Alishuka kutoka Morogoro na mkoba na maneno ya semina: eti kwenye mapatano, anayelegeza kwanza ndiye mjinga. Wazee wakamfanya msemaji wa familia. Makubwa!

Unawajua watani wetu wa Namawala. Digna na wenzake waliingia kaburini wakalala chali, wakadai jogoo ndipo bibi ashushwe. Unawapa, mnatukanana, mnacheka, wanazika. Ndiyo kazi yao tangu enzi za babu. Mwenzetu akakunja mikono, akasema atatoa bawa. Bawa moja, Pantaleo! Na kwamba hapo ndipo mwisho wake. Wakacheka wakidhani anatania. Hatanii yule, hana hata akili ya kutania. Padri anatazama saa, wingu limefunga upande wa Udzungwa, yeye kakaza shingo tu.

Digna akatoka, akajipangusa udongo. "Haya mtani, umeshinda. Mzikeni wenyewe." Wakabeba majembe yao wakaondoka. Beatus akatugeukia anatabasamu, anangoja pongezi! Mvua ikaanza kudondoka juu ya jeneza.

Nilimkimbilia Digna hadi barabarani. Jogoo tuliyemwandaa alikuwa mikononi mwa Beatus, nikamuuliza Digna anachotaka hasa. Akasema anataka kumlilia bibi, ila hawezi kumlilia mtani wake kabla hajamcheka. Basi nikamtukana pua, akanitukana miguu, tukarudi tumeshikana mikono. Wakazika kwenye mvua ile, na Digna alilia kutupita sisi wote.

Jogoo? Beatus kapanda naye basi kurudi Morogoro.

Arobaini ni tarehe 20 Aprili. Watani wamesema msemaji akiwa Beatus hawakanyagi kwetu. Nakuomba uje wewe, mdogo wangu. Beba jogoo. Wakimdai, kataa kidogo wapate kukutukana, kisha mtoe mzima. Bibi asiagwe bila kicheko.

Shangazi Justa anakusalimu sana. Nisalimie Balbina na mtoto. Mungu akulinde, akuponye kifua, na akuepushe na semina.

Dada yako akupendaye,
Febronia