Maombi ya Mama Mkwe Mtumbwini

Likasi, Jumamosi usiku

Bado nacheka peke yangu. Mume wangu anauliza kama ni malaria.

Zamani kampuni ya migodi alikofanya kazi mume wangu ilipeleka watoto wetu likizo. Sasa kampuni imelala, basi nikawaahidi wanangu safari ya meli. Meli yenyewe ilikuwa bwato, mtumbwi wa mvuvi kule ziwani, unanuka samaki. Watoto waliruka ndani wakipiga kelele za furaha, nami nikafuata.

Mama mkwe akaingia kuwatoa. Wakamng'ang'ania.

"Batoto yangu habaendi ku mayi ya ziwa! Tuombe kwanza, kisha tunarudia ku nyumba."

Tukafumba macho. Alipofika kwa Musa na bahari, nikafungua jicho moja. Mvuvi naye alikuwa amefungua lake. Nikamkonyeza, akasukuma polepole.

Mama mkwe aliomba, akaomba. Aliposema amina tulikuwa katikati ya ziwa, watoto wanashangilia. Yeye akanipa mgongo mpaka tulipofika nyumbani. Nikaogopa kweli: kesho ibadani atanishitaki kwa mchungaji, na mbele ya watu...

Jioni tunamenya mihogo, akaniinamia sikioni.

"Nilisikia bwato inatembea tangu Musa, weye. Unawaza nilirefusha maombi juu ya nini?"